Cherehani ya Pili Nyumbani kwa Kizuka

Mara iliyopita, wasomaji wangu, tuliachana nikiwa na simu sikioni. Upande wa pili alikuwa Mwatima, fundi wangu wa darizi, akinihakikishia kwamba kazi inakwenda vizuri. Nyuma ya sauti yake nikasikia cherehani mbili zikilia kwa pamoja.

Mimi nilimpa moja.

Kwa anayefika leo, nimuelezee kidogo asipotee. Naitwa Perpetua. Nimezaliwa hapa hapa Pemba. Marehemu baba yangu alivuka kutoka bara kuja kuchuma karafuu akasahau kurudi. Mimi ni Mkristo, nasali kanisani kwetu Chake Chake, na nina karakana ndogo ya kushona mabuibui na nguo za harusi. Mafundi wangu wote ni Waislamu. Hatujagombana kwa ajili ya dini hata siku moja. Tunagombania mikasi tu.

Mumewe Mwatima, Talib, alianguka kutoka juu ya mkarafuu akafa. Mwatima akaingia eda. Kwa wasomaji wa kwetu sina haja ya kueleza, lakini wa mbali wajue: mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, na mwanamume wa kando haingii alipo. Hapa tunamwita kizuka.

Mimi nikamwambia, "Kaa eda yako, mwanangu. Kazi itakufuata." Nikampelekea cherehani kwa wakwe zake, Vitongoji.

Nilidhani nimefunga habari. Kumbe ndiyo kwanza naifungua.

Nilipokata simu, Rahila alikuwa ananitazama. Rahila ni fundi wangu mwengine, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa mdomo.

"Cherehani mbili, Bi Perpetua?"

"Wewe umesikiaje?"

"Simu yako inapiga kelele kama redio ya kinyozi."

Rahila ndiye anayepeleka vitambaa Vitongoji na kurudi na nguo zilizokwisha. Nikamuuliza, "Ukienda kule unaona nini?"

"Naona chai. Bi Mwanamize, mkwewe, ananikalisha ukumbini, ananipa chai, ananipa mfuko, narudi."

"Chumbani kwa Mwatima huingii?"

"Mlango hufungwa. Mara kalala, mara anasali. Kila siku na lake."

Shaka haiji na ngoma. Inaingia miguu mitupu. Nikaanza kukumbuka kwamba tangu Mwatima akae nyumbani, kazi inayorudi ni nyingi kuliko aliyokuwa akiifanya nikiwa namtazama. Mtu aliyefiwa hupunguza kasi. Huyu aliongeza. Na pindo za nguo zilikuwa nzuri, lakini hazikuwa pindo zake.

"Lakini Bi, nikuulize," Rahila akasema, huku anakata uzi kwa meno. "Na siye je?"

"Nyinyi nini?"

"Siye tunaotaka kufanyia kazi nyumbani. Mwanangu ana pumu, wajua. Kila nikija hapa roho yangu iko kule. Au mpaka mume afe ndo mtu aruhusiwe?"

Mafundi wote wakainua vichwa.

"Astaghfirullahi!" akajishika mdomo. "Mungu aniwekee mume wangu, hata na uvivu wake."

Tukacheka. Lakini nilikwenda nalo nyumbani lile swali. Lilikuwa swali la haki. Mwatima nilimpa kwa huruma, na Rahila nilimnyima kwa sababu hakulia mbele yangu.

Jioni ile, Alhamisi, akanipigia Deo. Deogratias ni kitinda mimba wangu, anakaa Dar es Salaam. Yeye ndiye anayeweka picha za nguo zetu mtandaoni, anapata wateja, anapokea oda, nasi tunasafirisha.

Nikamwambia habari ya cherehani mbili. Laiti ningelala nayo.

"Mama, huyo kafungua kiwanda chake. Anakushonea wewe asubuhi, anajishonea yeye mchana. Kwa vitambaa vyetu."

"Mwatima si mwizi."

"Utajuaje, na humuoni? Mfanyakazi usiyemuona humsimamii."

"Na wewe je, mwanangu? Mwaka mzima huu mimi nimekuona wapi?"

"Mimi ni tofauti."

"Tofauti gani?"

"Mimi ni mwanao."

Mama gani atajibu hilo?

Akashika pale pale nilipokuwa naumia. "Na lile gauni la harusi, Mama. Umelipeleka kule. Mteja wetu akijua gauni la binti yake limeshonwa na kizuka, atalipokea? Atasema tumemtia mwanawe mkosi."

Hilo lilikuwa kweli, na nilikuwa nalijua. Gauni la Samiha, binti wa mteja wetu mkubwa kuliko wote. Jeupe, na darizi ya uzi wa dhahabu kutoka kifuani mpaka chini. Mkono wa kulimaliza ulikuwa mmoja tu, wa Mwatima. Mteja sikumwambia liko wapi. Sikusema uongo. Nilinyamaza tu, nikajipa moyo kwamba kunyamaza si dhambi.

"Kuna kamera ndogo," Deo akaendelea. "Nitamtafuta kijana wa huko huko aje aifunge pale anaposhonea. Utamuona kwenye simu yako, ukiwa umekaa."

"Kamera kwa mtu aliye edani, Deo?"

"Inapiga picha cherehani tu, haimpigi yeye."

Nilikuwa nimechoka. Maharage yalikuwa yanaungua jikoni. Nikasema, "Fanya unavyoona," nikakimbilia sufuria.

Fanya unavyoona. Hayo ndiyo maneno ninayoyaungama leo mbele yenu.

Jumapili baada ya Misa nikamngoja Padri nje ya kanisa.

"Padri, nina mfanyakazi simuoni. Yuko nyumbani kwake na mali yangu. Nifanyeje nimwamini?"

"Ulipokuwa unamuona, ulimwamini?"

"Sana."

"Kwa ajili ya macho yako, au kwa ajili yake?"

Nikamwambia habari ya kamera, na lile swali la Rahila. Akakunja uso.

"Mama Perpetua, unataka nikubarikie imani au nikubarikie upelelezi?"

"Padri, biashara haiendi kwa baraka peke yake. Nina watu wanaokula kwangu."

"Ni kweli. Basi nenda kamtazame. Mchana, mlango wa mbele, na mkono usiwe mtupu. Mwenye shaka na apige hodi, asichungulie." Akanishika bega. "Na yule mwenye mtoto wa pumu, umemjibu nini?"

Padri wetu ana tabia hiyo. Ukimpelekea kosa moja, anakuonesha na la pili.

Jumatatu nikanunua halua na sukari. Nikampigia Deo nimwambie aache mambo ya kamera. Hakupokea. Nikasema nitampigia nikirudi, nikapanda bodaboda mpaka Vitongoji. Sikumwambia mtu kwamba nakwenda. Rahila nilimwambia nina miadi ya meno.

Barazani alikuwepo Mzee Khatib, baba mkubwa wa marehemu Talib, ndiye mkubwa wa nyumba ile sasa. Kabla sijafika, nikaisikia. Cherehani. Kisha ya pili. Wala hazikulia sawa. Moja ilikimbia, moja ilikwenda kama mtu mzima.

"Hodi."

Mzee Khatib akainuka upesi kuliko umri wake. "Bi Perpetua! Karibu! Bi Perpetua huyo kaja!" Uso ulinitazama mimi, lakini sauti aliipeleka ndani.

Cherehani zikanyamaza. Zote mbili, pa!

Akanikalisha barazani. Akaniuliza hali. Akaniuliza hali ya Deo. Akaniuliza mvua ya Chake Chake, kana kwamba Chake Chake ni nchi nyengine. Nikajibu yote, macho yangu mlangoni.

"Naomba kumuona Mwatima, Mzee."

"Kalala."

"Na cherehani zimelala naye?"

Hakucheka. Nami sikucheka. Moyoni nikasema, Deo alikuwa na haki.

Pazia likafunuka. Akatoka Bi Mwanamize, mama yake Talib, kanga imejaa vipande vya nyuzi.

"Shemeji, usimuweke mgeni kwa maneno. Kishasikia." Akanishika mkono. "Njoo, shoga yangu. Njoo uone mwenyewe."

Akanipitisha ukumbini mpaka chumbani.

Mwatima alikuwa amekaa juu ya mkeka, kavaa nyeupe, amekonda. Mbele yake cherehani yangu. Pembeni, juu ya meza fupi, cherehani ya mkono, ya kizamani, rangi imebanduka.

"Hii ya nani?" nikauliza.

"Yangu," akasema Bi Mwanamize. "Niliingia nayo kwa mume. Ilikuwa chini ya kitanda, kuku wanataga juu yake."

"Na mnashona nini?"

"Nguo zako. Nini tena?"

Nikawatazama. Mwatima akainamisha kichwa.

"Alipoanza, mikono ilikuwa ikimtetemeka," Bi Mwanamize akasema. "Anatia sindano, anatoa, analia. Nikaona nguo za watu zitaharibika na mtoto wangu atafukuzwa. Nikamwambia, weye shika darizi, mie nishike pindo."

"Kwa nini mlinificha?"

"Ulimwajiri yeye, hukuniajiri mie. Nilidhani utasema kazi yako imeingiwa na mkono usioujua." Akanitupia jicho. "Kwani pindo zangu mbaya?"

"Zimenyooka kuliko za Rahila."

"Alhamdulillahi! Usimwambie, ataisusia chai yangu."

Ndipo nikaanza kuona. Mto mgongoni mwa Mwatima. Ukutani, kwenye kipande cha sponji, sindano zimepangwa zote zikiwa zimeshatungwa uzi, maana macho yaliyolia hayaoni tundu la sindano. Mama aliyezika mwanawe alikuwa anaamka alfajiri kumtungia mkwewe uzi.

"Umenipa kitu bila kujua, Bi Perpetua," Bi Mwanamize akasema polepole. "Mwanangu kafa. Nikiamka, naamkia hii kazi. La sivyo ningekuwa naamkia nini?"

Nililia. Tukala halua watatu, vidole vinanata, nikawaomba radhi kwa kuja kama askari. Nikamwambia Bi Mwanamize kwamba kuanzia siku hiyo naye ni fundi wangu, kwa jina lake.

"Mama," Mwatima akaniambia, na hilo ndilo neno lake la kwanza tangu niingie, "mbona hukuniambia kama umelipenda?"

"Nimelipenda nini, mwanangu?"

Kabla hajajibu, tukasikia hodi nje. Sauti ya mwanamume.

"Nani?" Mzee Khatib akauliza.

"Haitham, fundi wa kamera. Nimetumwa na Bi Perpetua wa Chake Chake, kuja kufunga kamera anaposhonea fundi Mwatima."

Bi Mwanamize aliuachia mkono wangu. Aliuachia taratibu, kama mtu anayeweka chini sufuria ya moto.

Nikatoka barazani. Kijana kasimama na begi na ngazi, anatabasamu. Majirani wawili watatu tayari walikuwa kwenye ua, shingo ndefu.

"Bi Perpetua ndo huyu," Mzee Khatib akamwambia. "Wamjua?"

Tabasamu likaanguka. "Simjui kwa sura, mzee. Nilizungumza na mwanawe."

"Chumba cha kizuka, kijana! Weye umelelewa wapi?"

"Wallahi niliambiwa karakana, mzee! Sikuambiwa kama pana eda!" Masikini, akavua kofia, jasho linamtiririka. "Ngoja nimpige, mumsikie wenyewe."

Akapiga, akaweka spika. Deo akapokea hapo hapo, yule yule aliyeshindwa kupokea simu ya mama yake asubuhi.

"Ndiyo, mimi nimemtuma," sauti ya mwanangu ikasema, uani kwa watu. "Kwa ruhusa ya mama. Kuna tatizo?"

Mzee Khatib akanigeukia. "Kwa ruhusa yako?"

Ningeweza kusema hapana. Fikirini wenyewe. Ningesema simjui, Haitham angepigwa pale pale, nami ningerudi Chake Chake na jina langu safi. Lakini lile jicho la majirani lingebaki mlangoni kwa Mwatima. Wangesema wanaume wanamjia kizuka na visingizio. Jina likishatoka kinywani mwa watu halirudi.

"Ndiyo," nikasema. "Mwanangu aliniuliza, nikamwambia fanya unavyoona. Kosa ni langu."

Mwanamke mmoja uani akaguna. "Makubwa! Kumbe sukari ilikuja na jicho."

"Bi Perpetua," Mzee Khatib akasema, na sauti haikuwa ya hasira, ingekuwa afadhali. "Katika msiba huu ulileta mchele wa hitima. Ulikaa chini na wanawake wetu. Nikasema, huyu si wa dini yetu lakini ni wa kwetu. Leo unatuletea kamera?"

"Nisamehe, Mzee."

"Nimekusamehe. Chukua cherehani yako. Kazi ya nyumba hii imekwisha."

"Shemeji!" Bi Mwanamize akapaza sauti kutoka ndani. "Na mkwe wangu atakula nini?"

"Atakula tunachokula."

"Tunakula nini, na mchumaji wetu tumemzika?"

Nikasikia pazia la ukumbini likisogea, lakini halikufunuka. Mwatima alikuwa nyuma yake.

"Ba'mkubwa, kabla hajaichukua, niruhusu nimuulize Mama neno moja."

"Uliza."

"Mama, kama kijana huyu ndiye mtu wako wa kwanza, yule wa Ijumaa katumwa na nani?"

"Wa Ijumaa yupi?"

"Alikuja wakati wanaume wote wako msikitini. Hakuingia, alisimama dirishani. Alisema Bi Perpetua analitaka gauni la harusi upesi. Lilikuwa limekwisha, limekunjwa. Tukampa."

"Mie ndo nilompa," Bi Mwanamize akasema. "Alilitaja kwa rangi yake na kwa uzi wake. Nikasema huyu katoka kwake kweli, nani mwengine anayelijua?"

Nikashika nguzo ya baraza. "Sikumtuma mtu Ijumaa."

Yule mwanamke aliyesema makubwa akajishika kiuno.

Niwaambie ukweli, wasomaji wangu. Machozi ya chumbani yalikuwa bado hayajakauka, na tayari moyo wangu ulishaanza kupekua. Wameliuza. Wamepanga maneno. Mkwe na mkwewe, chumba kimoja, mlango umefungwa, nani aliyemuona huyo mtu ila wao? Nami nimetoka sasa hivi kujitia aibu kwa ajili yao. Halua yangu ilikuwa bado vidoleni mwao!

Mzee Khatib alinisoma usoni.

"Huyo mtu hukumuona, nami sikumuona," akasema. "Tuna neno la mkwe wetu tu. Sema mbele ya watu hawa, Bi Perpetua. Wamwamini, au humwamini?"

Nikatazama pazia. Chini yake niliona miguu ya Mwatima, mitupu, mmoja umekanyaga mwengine, kama mtoto wa shule aliyeitwa mbele ya darasa.

"Namwamini."

Mzee Khatib akaitikia kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu hodi ya Haitham alinitazama bila uchungu. Alinitazama kwa huruma, na huruma yake ilinitisha zaidi.

"Basi, Bi, kama kwetu hakuna mwongo, mtafute kwenu."

Ndipo nikaikumbuka simu. Ilikuwa bado mkononi mwa Haitham, spika imewashwa. Muda wote tulipokuwa tukisema, Deo alikuwa akiita hallo, Mama, hallo. Tangu lilipotajwa gauni, hakuita tena.

"Deo," nikasema.

Simu haikuwa imekatika. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Deo, mwanangu. Gauni liko wapi?"

Majirani wakasogea. Bi Mwanamize akatoa kichwa mlangoni. Sauti ya kitinda mimba wangu ikaja, ndogo, kama ya zamani alipokuwa akivunja sahani.

"Mama, mwambie huyo kijana azime spika."